Gari la Tani Nne na Nusu

Osterhamm, 12 Machi 2017

Moin, Eilert mwanangu,

Salamu kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umekula kitu chenye moto, si mkate mkavu juu ya kitabu kama ilivyo desturi yako. Sisi hatujambo. Goti langu linalalamika kwenye ngazi tu. Penye tambarare halina neno, na huku kwetu hakuna kingine ila tambarare. Mama yako ni mzima, anakusalimu sana.

Nakuandikia kwa amri yake, unaikumbuka. Tangu siku ile ya Januari tulipopigiana kelele kwenye simu juu ya gari-nyumba hadi akachomoa waya ukutani, sheria ya nyumba hii ni kwamba mambo ya gari yanaandikwa, hayasemwi. "Barua haikatizwi," alisema. Mimi sina kinyongo. Nimewabebea watu barua zao kwa miaka thelathini na tisa. Si vibaya nami nikibebewa zangu.

Basi habari ni hii: gari limepatikana. Tumelinunua Jumamosi kwa mjane mmoja wa Papenburg. Ni la mwaka 1998, lina injini ya silinda tano, magurudumu mawili mawili nyuma, kitanda kimoja juu ya chumba cha dereva na kingine nyuma, choo, bafu, na jiko lenye oveni. Namaanisha oveni ya kuokea mkate, si kijisanduku cha kupashia soseji. Mama yako aliufungua mlango wake, akaufunga, akaufungua tena, kisha akaniangalia. Nikamwuliza mjane bei.

"Marehemu mume wangu alikuwa akilipigia saluti kila asubuhi," mjane aliniambia.

"Na wewe?"

"Mimi nilikuwa nalisugua."

Nililipenda jibu hilo kuliko hata injini. Sasa gari limo katika banda la jirani yetu Habbo, maana banda letu limepungua mita nzima. Juni mwaka ujao, kama tulivyokubaliana sisi watatu wakati wa Krismasi, tutakwenda kaskazini mwa Norway mama yako akalione jua lisilotua. Alimuuguza bibi yako miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakulala nje ya nyumba hii zaidi ya siku mbili mfululizo. Hilo najua hulibishii.

Dereva ni mimi.

Babako,
Hinderk


Göttingen, 19 Machi 2017

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, nawe umfikishie mama zake. Afya yangu ni njema. Nakula, tena chakula cha moto, ingawa sikatai kwamba mara nyingine kitabu huwapo karibu. Kazi ya hifadhi ya nyaraka inaendelea vizuri. Wiki hii nilipewa masanduku kumi na moja ya kesi za mipaka ya mashamba za karne ya kumi na nane, na nimethibitisha kwamba watu wetu wamekuwa wabishi tangu zamani. Kwa hiyo usinishangae.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilifurahi, mara ya pili nilitilia shaka, na mara ya tatu nilikwenda kutafuta tangazo la yule mjane, nikalipata. Baba, uzito ulioruhusiwa wa gari hilo ni tani nne na nusu. Wakati wa Krismasi tulikubaliana tani tatu na nusu, na kiwango hicho hatukukiokota njiani. Sheria ya leseni iko wazi, nami naiweka hapa kama ilivyo: aliyepata leseni ya daraja la tatu kabla ya mwaka 1999 anaruhusiwa kuendesha gari la hadi tani saba na nusu, aliyepata leseni yake baada ya hapo haruhusiwi kuvuka tatu na nusu. Mimi nilipata yangu mwaka 2009. Maana yake ni kwamba, kwa kuchanganya akiba zenu na mchango wa mshahara wangu wa kwanza, mmenunua gari ambalo mimi naruhusiwa kulijazia maji, kulisugua kama yule mjane, na kulitazama likiondoka.

Sisemi haya kwa kupenda ubishi. Nasema kwa sababu safari ni zaidi ya kilomita elfu mbili na mia nne kwenda tu, kwenye barabara nyembamba zenye mahandaki na vivuko, na umeamua kuziendesha zote peke yako ukiwa na miaka sitini na sita. Mtu mwenye hoja nzuri huanza kwa kuwashirikisha wenzake. Asiye nayo hununua kwanza, kisha huandika "dereva ni mimi" kwenye mstari wa peke yake, kana kwamba nafasi iliyo juu na chini ya sentensi ni ushahidi.

Lirudisheni, tutafute jepesi. Nitawasaidia kulitafuta.

Kuanzia tarehe mosi Aprili nitakuwa katika chumba kipya. Anwani nimeiandika kwenye kadi iliyomo humu.

Mwanao,
Eilert


Osterhamm, 4 Aprili 2017

Moin, mwanangu mwanasheria usiye na mahakama,

Hali yetu ni njema, na yako nadhani pia, kwa kuwa mgonjwa hawezi kuandika barua ndefu vile. Mama yako aliisoma akacheka mahali pa kulisugua. Mahali pengine hakucheka, alirudia kupasoma.

Sasa nisikilize. Leseni yangu ni ile ya karatasi ya kijivu, tambara kama tunavyoliita sisi, imekunjwa mara nne na picha yangu nikiwa na nywele. Nililipata tambara hilo kabla hujafikiriwa. Kwa tambara hilo nimeendesha gari la posta kwenye barafu, kwenye mafuriko na kwenye ukungu ambamo huoni hata tairi lako, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kutia barua ya mtu katika sanduku la mtu mwingine. Hata mara moja. Uliza kijiji chochote kati ya vile vitano nilivyovihudumia. Sasa unaniambia nirudishe gari kwa sababu kadi yako ndogo ya plastiki haiwezi kulibeba?

Magari ya tani tatu na nusu tumeyaona. Manne. Ukipakia maji, mama yako, mimi na sufuria, mzani unakataa. Ni vibanda vya kuku vyenye pazia. Gari letu, huyu bibi wa Papenburg, ana chumba, ana kifua, na hatikisiki upepo ukimpiga ubavuni.

Lakini sitaki tugombane hadi Juni ya mwaka ujao. Njoo Pasaka. Tutawasha moto wa Pasaka nyuma ya tuta la kuzuia bahari kama kawaida, na Jumatatu yake nitakuzungusha hadi Greetsiel na kurudi. Ukishuka garini ukiwa bado na la kusema, lisemee mezani, na mama yako atakuwa mwamuzi. Usipokuja, nitajua umechagua kununa, nami sitakubembeleza.

Babako,
Hinderk


Göttingen, 6 Mei 2017

Baba mpendwa,

Salamu. Natumaini goti limepoa na mama ni mzima. Mimi ni mzima, ila leo sijatulia.

Sikuja Pasaka kwa sababu sikujua kwamba nimealikwa. Mama alipopiga simu siku ile ya Pasaka alikuwa mkavu, nami nikawa mkavu zaidi, kila mmoja akidhani mwenzake amenuna. Barua yako ya tarehe nne Aprili nimeipata jana jioni. Nililetewa na mwanafunzi mmoja wa famasia, mpole, aliyekuwa ameiweka juu ya friji mwezi mzima akingoja mtu mwenye jina langu ajitokeze. Anakaa nyumba namba 33. Mimi nakaa namba 38, na ndivyo nilivyoandika kwenye kadi, kwa wino mweusi, kwa tarakimu kubwa.

Mtu mwingine angekosea namba, ningecheka, nikasahau. Lakini aliyeikosea hii ni wewe, tena katika barua ileile unayojisifu kwamba hujawahi kutia barua ya mtu katika sanduku la mwingine. Nilizitoa barua zako zote mbili nikazilaza mezani. Katika ile ya Machi mistari inashuka kidogo upande wa kulia. Katika hii ya Aprili inashuka zaidi, na mahali pawili umeandika neno juu ya neno. Niliposoma ya Machi nilidhani ulikuwa na haraka.

Kwa hiyo nayaweka kando mambo ya tani, naona aibu hata kuyataja. Nakuuliza swali moja, nami nataka jibu moja: ukifumba jicho moja, kisha jingine, lililobaki wazi linaona nini?

Mwanao,
Eilert


Göttingen, 11 Juni 2017

Baba mpendwa,

Salamu kwako na kwa mama. Nawaombea afya njema.

Wiki tano zimepita. Katika kesi ninazozipanga, mshtakiwa asiyejibu huhesabiwa kuwa amekiri. Sitatumia kanuni hiyo dhidi ya baba yangu, ila nakiri imenijia akilini.

Nimeamua jambo, na nakuarifu, sikuombi ruhusa. Nimejiandikisha katika shule ya udereva wa malori. Masomo ni Jumamosi na jioni mbili za wiki, hadi nipate daraja la kuendesha tani saba na nusu. Kabla hawajanipa hata kitabu walinipeleka kupimwa macho. Nilikaa kwenye kiti kile, kidevu kikiwa juu ya chuma baridi, nikisoma pete ndogo zenye pengo na kusema pengo liko wapi, nikakufikiria wewe tangu pete ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwalimu wangu ni mama mmoja wa miaka hamsini aitwaye bibi Rohde, aliyewahi kupeleka mbao hadi Uturuki. Siku ya kwanza aliniuliza nimesomea nini. Nilipomjibu alisema, "Sawa, bwana msomi. Kioo hakisomwi, kinatazamwa." Mimi nilikuwa bado natafuta jibu linalofaa wakati lori lilipopanda ukingo wa barabara.

Tutakwenda Norway, Baba. Mama atauona usiku wenye jua. Lakini hutaendesha wewe, kama jicho lako liko kama ninavyolidhania. Sitamwambia mama nyuma ya mgongo wako. Hata hivyo, siku akiniuliza sitamdanganya.

Mwanao,
Eilert


Osterhamm, 20 Juni 2017

Eilert,

Sisi wazima. Uwe mzima nawe.

Ulitaka jibu moja. Nilipopata barua yako ya Mei nilikwenda mbele ya kanisa, nikafumba jicho la kulia, nikaitazama saa ya mnara. Namba zote zipo, zimezunguka vizuri, kumi na mbili juu, sita chini. Mishale haipo. Katikati kuna kitu kama moshi. Nilisimama pale hadi kengele ilipogonga, nikajua ni saa nne.

Jicho la kulia bado linafanya kazi ya mawili.

Daktari sijakwenda, na usinifundishe kwa nini niende. Nitakaa kwenye kiti chake, ataandika karatasi moja tu, na karatasi hiyo itasema mzee huyu asiendeshe. Siku hiyo safari imekufa. Mama yako atafunga ule mlango wa oveni kwa upole, aseme hakuna neno Hinderk, tutaona mwakani. Ameisema sentensi hiyo miaka ishirini na miwili. Sitaki kuisikia tena kwa sababu ya jicho langu.

Basi tupatane kama wanaume. Pata leseni yako kabla majani hayajaanguka. Ukiipata, siku hiyohiyo nitakwenda kwa daktari na kumwambia mama yako kila kitu. Usipoipata, nitaendesha mwenyewe, polepole, kwa jicho moja. Na ukimwambia mama yako kabla ya hapo, gari nitaliuza kesho yake. Mimi ni babako na nimesema.

Babako,
Hinderk


Göttingen, 24 Septemba 2017

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia kwa mama kwamba mmevuna maharage na kwamba goti lako limetulia. Mimi sina ugonjwa ila fedheha.

Nimeshindwa mtihani. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ukiisikia kwangu utacheka mara moja, na ukiisikia kwa mtu mwingine utacheka mara mbili.

Barabarani nilifanya vizuri. Bibi Rohde, aliyekuwa ameketi kando yangu, alikuwa hata ameacha kukunja ngumi. Tukaingia uwanjani kurudi nyuma. Mtahini akasema, "Rudi nyuma hadi kwenye koni." Nikarudi hadi nikaiangusha. Akaandika kitu kwenye karatasi yake. Hapo, Baba, ilinipasa kunyamaza. Badala yake nilimwambia kwamba agizo lake lilikuwa na maana mbili, kwa kuwa neno "hadi" laweza kuijumuisha koni au kuiacha nje, na kwamba mtahiniwa hapaswi kuadhibiwa kwa utata wa mtahini.

"Kijana," alisema, "koni yangu ina maana moja."

Nikaendelea. Ndiyo, niliendelea. Nilipomaliza, bibi Rohde alikuwa ameufunika uso wake kwa mikono miwili. Aliniambia baadaye kwamba koni peke yake isingeniangusha. Ningepewa nafasi ya kurudia palepale, kama nisingetumia dakika zilizobaki kumfundisha yule bwana lugha.

Nitaufanya tena Novemba, na nitafaulu. Majani lakini yatakuwa yameanguka, nami naijua ahadi yetu. Kwa hiyo naiweka hoja yangu bila mapambo: usitumie ujinga wangu kama kibali cha kuendesha bila kuona. Mimi nikianguka, inaanguka koni. Wewe ukikosea ndani ya handaki, mama yuko kiti cha kando. Nenda kwa daktari. Nakusihi.

Mwanao,
Eilert


Osterhamm, 4 Oktoba 2017

Moin mwanangu,

Sote wazima, ila mimi nimepigwa, nami nitakueleza jinsi nilivyopigwa. Kaa chini.

Juu ya koni nilicheka mara moja, kama ulivyotaka. Kisha nikakasirika, kwa sababu hoja yako ilikuwa nzuri na sikuipenda. Nikajisemea: huyu kijana ananiita kipofu, nitalitoa gari leo, nilizungushe hadi Pewsum kwa jicho moja, nimwandikie jioni. Ilikuwa Jumanne, mama yako yuko kwaya. Nikavaa kofia, nikaenda kwa Habbo.

Banda tupu, Eilert. Mlango wazi, doa la mafuta sakafuni, gari hakuna. Nilikuwa nimeshika simu niwapigie polisi nilipokiona kitu kikubwa cheupe kinakuja kwenye barabara ya tuta, taratibu, katikati kabisa ya upande wake. Kikapita mlango wa banda, kikasimama, kikaanza kurudi nyuma. Mlango ule umezidi upana wa gari kwa viganja viwili kila upande. Kikaingia mara moja, bila kusimama, bila kusahihisha.

Wa kwanza kushuka alikuwa Habbo, anatafuna.

"Habbo, nani amekuruhusu kuendesha gari langu?"

"Mimi? Mimi nilikuwa nakula biskuti."

Dirisha la upande wa dereva likashuka, na mama yako akatoa kichwa. "Hinderk, sogea hapo. Umesimama ndani ya kioo changu."

"Theda! Na kwaya?"

"Kwaya imesimama tangu Julai. Kiongozi amevunjika nyonga. Ungeniuliza hata mara moja tunaimba nini, ungejua."

"Huna ruhusa ya gari hili! Ni tani nne na nusu!"

Akazima injini. Akafungua mkoba, akatoa leseni yake ile anayoendea dukani kila siku ya Mungu, akaninyooshea. "Daraja la tatu, mwaka elfu moja mia tisa sabini na nne. Tani saba na nusu, kama alivyoandika mtoto kwenye ile barua yake ndefu. Mimi niliisoma yote. Tena mimi nilifaulu mara ya kwanza."

Habbo akaacha kutafuna. "Kwani Hinderk alirudia?"

"Mara mbili," akasema mama yako.

Sasa unajua na wewe. Nimelificha miaka arobaini na saba, na limetoka mbele ya Habbo, ambaye kesho yake alikuwa amelifikisha hadi duka la mikate.

Miaka thelathini aliendesha lori la maziwa huyo Habbo, na anasema mama yako ana mkono mzuri kuliko wangu. Wamekuwa wakifanya mazoezi kila Jumanne kwenye uwanja wa zamani wa mnada wa ng'ombe. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Tulikuwa tumerudi nyumbani, chai iko mezani. Akasema, "Tangu Februari unamimina malai nje ya kikombe. Ulidhani nafuta meza kila mara kwa kupenda? Nilikuwa nangoja useme mwenyewe. Ulipokawia, nikaona heri nijifunze kurudi nyuma."

Alinimiminia kikombe cha pili, akaweka donge la sukari, akaweka malai yeye mwenyewe, na cha tatu vivyo hivyo.

Babako,
Hinderk


Göttingen, 9 Oktoba 2017

Baba mpendwa,

Salamu kwako, na kwa mama salamu pamoja na heshima ambayo sikuwahi kumpa kwa kiasi kinachomstahili.

Nimeirudia nakala ya barua yangu ya Machi. Sheria niliinukuu sawasawa, hakuna nukta iliyokosewa. Inasema "aliyepata leseni". Haisemi mwanamume, wala haisemi baba. Neno hilo nililitia mimi nilipokuwa nasoma, nawe ukalitia ulipokuwa unanunua. Tukakaa miezi saba, watu wawili tunaojiona kuwa na akili, tukigombania usukani ambao mtu wa tatu alikuwa na haki nao kuliko mimi na anaouweza kuliko sisi sote. Mimi hukosoa wasomi wa kale kwa makosa madogo kuliko hilo. Nimemwandikia mama barua ya peke yake, usimwombe akuonyeshe.

Sasa turudi kwenye ahadi. Ulisema: nikipata leseni, utakwenda kwa daktari siku hiyohiyo. Utasema sijaipata. Mimi nasema kiini cha sharti kilikuwa dereva, si mimi. Uliogopa kwamba karatasi ya daktari ingeua safari. Dereva yupo, amekuwepo tangu mwaka 1974. Karatasi hiyo haiwezi tena kuua kitu. Kilichobaki ni jicho lako tu, na jicho likicheleweshwa halina mtihani wa kurudia.

Jibu hili sitaki kuliandikiwa. Barua hii ikifika, mpe mama mkoba wake, mwende.

Mwanao,
Eilert


Osterhamm, 21 Mei 2018

Moin, Eilert mwanangu,

Natumaini u mzima na umeshapewa likizo. Sisi wazima. Naandika kwa kalamu nene ambayo mama yako amenunulia watoto wa shule ya Jumapili, na bado sioni katikati ya ninachokiandika. Nikiruka neno, lijaze mwenyewe. Kwa kawaida hujazia hata yasiyorukwa.

Najua nimekaa kimya majira ya baridi yote, na kwamba habari ulikuwa ukizipata kwa mama yako kwenye simu. Sikuwa nimenuna. Nilikuwa sitaki kukuandikia kwa hasira, na hasira ilichukua muda wake. Ile Oktoba tulikwenda kama ulivyosema, yeye akiendesha. Daktari ni msichana mdogo mwenye sauti ya upole. Alinichoma sindano ndani ya jicho, na sasa hunichoma kila wiki sita. Usiulize inavyokuwa. La kushoto halitarudi. La kulia lilikuwa limeanza nalo, sasa lina moshi wake katikati, na anasema tungekuja miezi sita baadaye asingekuwa na la kushika. Hilo nakuandikia ili ulijue, kisha tusilizungumze.

Kuendesha nimeacha. Miezi miwili ya kwanza nilikaa kiti cha abiria nikikanyaga breki isiyokuwepo hadi paja likauma. Mama yako alisema, "Kanyaga tu, Hinderk, haituzuii." Hajanionea huruma hata siku moja, na hilo ndilo lililonisaidia.

Hongera tena kwa kufaulu Novemba. Mama yako amepanga hivi: atatutoa hapa, atavuka Denmark na Sweden, nawe utashika kuanzia Trondheim kwenda juu, saa tatu kwa siku, asiongeze hata ukimtolea hoja. Mkate ataoka yeye, vitunguu nitakata mimi kwa kupapasa, sahani utaosha wewe. Uzito tumepima: maji, gesi, sufuria, sisi watatu na vitabu vitano vyako. Vitano, nimesema. Cha sita kitaachwa na dereva kando ya barabara.

Jana tulifanya safari ya majaribio hadi pwani. Niligundua kitu. Nikitazama mbele, gari linaingia katika moshi wangu na sioni kitu. Lakini sindano hizi au hali yangu mwenyewe imeniachia pembeni pote pazima. Niliona kondoo juu ya tuta mmoja mmoja. Niliona mtoto wa mchungaji wa kanisa letu akitundika nguo, na korongo wawili kwenye mfereji ambao mama yako hakuwaona, kwa kuwa alikuwa anaangalia njia. Nilimwambia, "Korongo wawili, kushoto." Akasema, "Asante." Baadaye nikamwambia, "Mnara wa taa, kulia." Akasema, "Endelea." Tukaenda hivyo hadi baharini na kurudi.

Kwa hiyo katikati ya barabara ya Norway ni yake na yako. Kando zote mbili ni zangu.

Njoo Ijumaa tarehe mosi. Tunaondoka Jumamosi saa mbili kamili asubuhi, na dereva anasema asiyekuwapo atatukuta Lofoten, kwenye jua lisilotua. Lete soksi nzito.

Babako,
Hinderk